Simu ya kukunja bado ni chombo cha kazi Karagwe na Kyerwa

Msimu wa mazao unapokaribia katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, mfanyabiashara huandaa mizani, magunia, usafiri na fedha za kununulia. Chombo cha tano hakitajwi sana kwa kuwa ni kidogo na bei yake ni nafuu. Ni simu ya vitufe, ile ambayo mijini huitwa kitochi au kiswaswadu, na hasa ile ya kukunja, inayofungwa kama daftari na kutiwa mfukoni.

Wapo wanaoiona simu hiyo kuwa dalili ya kuchelewa. Katika biashara ya mazao hesabu ni nyingine. Mnunuzi wa maharage anayeondoka Kayanga alfajiri, akapita Omurushaka na Nkwenda, na kufika Murongo jioni, anahitaji chombo cha kupiga simu, cha kupokea fedha, na chenye moto hadi kesho yake. Simu janja humfanyia mawili ya kwanza vizuri zaidi. Hilo la tatu huishinda, na simu iliyozima saa tisa alasiri mbele ya mkulima mwenye magunia kumi haina tofauti na kutokuwa na simu.

Ndiyo maana wafanyabiashara wengi wa mazao hutembea na simu mbili. Ile ya kupangusa ni ya picha na WhatsApp, na ile ndogo ni ya kazi. Jambo ambalo wengi hawalipi uzito ni kwamba mali haimo katika simu yenyewe. Simu ndogo ikianguka mtoni, hasara ni ya bei ya simu. Laini iliyomo ikiingia mikononi mwa mtu mwingine, hasara yaweza kuwa mtaji mzima wa msimu.

BEI HUFIKA KWA SAUTI

Kagera ni mkoa wa kahawa aina ya robusta, na Karagwe pamoja na Kyerwa (iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012) ndizo wilaya zenye kahawa nyingi. Bei ya zao hili haitungwi Kayanga. Huanzia kwenye soko la robusta la London, ambako mwishoni mwa 2022 tani moja ilikuwa chini ya dola 2,000, na Septemba 2024 ikavuka dola 5,000. Katikati ya 2025 ilishuka tena chini ya dola 4,000. Bei inapopanda na kushuka namna hiyo, habari ya juzi haifai kitu.

Simu ya vitufe haionyeshi chati za London, lakini ina kikokotoo, na wengi huipata bei hiyo kwa redio au kwa kupigiwa. Hesabu yake si ngumu. Dola 5,000 kwa tani ni dola 5 kwa kilo ya kahawa safi. Kwa kiwango cha takriban sh. 2,700 kwa dola, kama ilivyokuwa Septemba 2024, hiyo ni sh. 13,500. Kahawa ya maganda ikikobolewa hutoa karibu nusu ya uzito wake, hivyo kilo ya maganda inabeba thamani ya kama sh. 6,700. Hapo bado haijatolewa gharama ya kukoboa, magunia, usafiri hadi bandarini, makato, na faida ya kila mkono unaoishika. Anayetaja bei ya juu kuliko hiyo ana sababu nyingine. Anayetaja theluthi yake naye ana sababu nyingine.

Upo mtego mmoja kwa walio karibu na mpaka. Ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Uganda, kahawa ya maganda huitwa kiboko na bei yake hutajwa kwa shilingi za Uganda. Mwaka 2024 shilingi moja ya Tanzania ilikuwa sawa na kama shilingi 1.4 za Uganda. Mkulima wa Kyerwa anayesikia kwa simu kwamba "kule ni elfu saba" anapaswa kugawa kwa 1.4, na atapata sh. 5,000 za Tanzania. Wapo waliokwisha kuona utajiri ng'ambo ambako tofauti ilikuwa ya jina la fedha tu. Kuivusha kahawa kwa njia za panya ni magendo, na gari linaweza kutaifishwa pamoja na mzigo.

Mbinu ya kutumia simu ndogo kupeleleza bei ina historia yake nchini. Katikati ya miaka ya 2000, mradi wa First Mile uliosaidiwa na mfuko wa IFAD uliwatumia watu walioitwa shushushu wa soko katika wilaya kadhaa za Tanzania. Kazi yao ilikuwa kwenda sokoni, kuulizia bei kama wanunuzi wa kawaida, na kuwapelekea wakulima wenzao habari kwa simu. Hakuna aliyehitaji intaneti. Huko Karagwe kazi kama hiyo hufanywa pia na redio ya jamii, FADECO, na simu nyingi za vitufe zina redio ndani yake. Waya wa spika za masikioni ndio antena.

Kabla ya hapo mfanyabiashara wa Karagwe alitegemea barua ya mkono kwa kondakta wa basi, au kwenda mwenyewe Bukoba. Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994 kwa kampuni ya Mobitel, zikiwa za wachache wa mijini. Zilipoenea vijijini katika miaka ya 2000, aliyeumia kwanza ni mlanguzi aliyekuwa akiishi kwa kuijua bei peke yake.

Lakini ni vizuri kutoipa simu sifa isiyo yake. Kagera ina ugonjwa wa zamani uitwao butura, yaani kununua kahawa ikiwa bado maua mtini. Mkulima hubanwa na ada ya shule au mgonjwa hospitali, hupokea fedha kidogo, na msimu ukifika kahawa si yake tena. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, na mwaka 2018 iliagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika. Simu humwambia mkulima kwamba anapunjwa. Haimlipii ada. Tena simu hiyo hiyo imeirahisisha butura, kwa kuwa fedha ambazo zamani zilihitaji mtu kupanda baiskeli usiku sasa hutumwa kwa dakika mbili. Mwekezaji mdogo anayeshawishiwa kuweka fedha zake katika mikopo ya namna hiyo ajue kwamba kila muamala umeandikwa, na kwamba deni la biashara iliyopigwa marufuku ni vigumu kulidai popote.

NYOTA NA RELI

Nguvu ya simu ya vitufe katika fedha inatokana na menyu inayofunguliwa kwa nyota na kufungwa kwa reli. Mtu akibonyeza *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money au *150*88# kwa HaloPesa, simu haiingii kwenye intaneti. Inazungumza na mtambo wa kampuni kwa njia ile ile inayotumika kuandaa simu ya kawaida. Haihitaji bando, haihitaji simu ya bei, na hufanya kazi pale ambapo mnara ni wa kizazi cha pili tu. Benki nazo zimefuata: CRDB kwa *150*03# na NMB kwa *150*66#, hivyo mkulima aliyelipwa kwa akaunti anaweza kuona salio akiwa shambani.

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Mwanzoni kila mtandao ulikuwa kisiwa, na mnunuzi alibeba laini tatu ili kuwafikia wauzaji wa mitandao mitatu. Tangu makubaliano yaliyoanza 2014 na kukamilishwa na Vodacom kujiunga mwaka 2016, fedha huvuka kutoka mtandao hadi mtandao. Laini mbili zinatosha, na hata hizo ni kwa sababu ya minara: kijiji kimoja kinashika mtandao huu, kijiji kinachofuata kinashika ule.

Njia hii ina udhaifu wake. Menyu hukatika mtu akichelewa kujibu au mtandao ukiyumba. Mwenye haraka hurudia kutuma, kisha hugundua kwamba ya kwanza ilikuwa imekwenda. Kabla ya kurudia ni lazima kuangalia salio. Hii ni kanuni ndogo ambayo imeokoa magunia mengi.

Gharama nazo zimewahi kuyumbisha biashara. Julai 2021 serikali ilianzisha tozo ya miamala ya simu, kati ya sh. 10 na sh. 10,000 kwa muamala juu ya ada za kampuni. Kiwango cha juu kilipunguzwa hadi sh. 7,000 mwezi Septemba mwaka huo, na hadi sh. 4,000 mwaka 2022. Katika kipindi hicho fedha taslimu zilirudi kwenye mifuko ya koti, na pamoja nazo hofu ya kuporwa njiani. Anayenunua kwa fungu dogo dogo huumia zaidi kuliko anayelipa mara moja, kwa kuwa ada hukatwa kila muamala. Wauzaji watatu wa nyumba moja wakikubali kulipwa kwa namba moja, ada mbili zimeokolewa.

Kwa mwenye mtaji mdogo anayefikiria kibanda cha wakala, somo lipo katika mzunguko wa kahawa. Malipo ya wakulima yakitoka, watu wote hutoa fedha wiki hiyo hiyo. Wakala hubaki na floti nyingi kwenye simu na droo tupu. Miezi ya kulima mambo hugeuka, watoto waliopo mijini hutuma fedha nyumbani na wazazi wanatoa kidogo kidogo. Faida ya wakala wa Nkwenda au Isingiro kwa hiyo haitokani na wingi wa wateja peke yake, bali na uwezo wake wa kupata noti siku ambayo wenzake wamefunga. Asiye na njia ya kufika benki haraka, au mfanyabiashara mkubwa wa kubadilishana naye floti kwa taslimu, ataitazama kamisheni ikipita kwenda kibanda cha jirani.

MTANDAO WA NG'AMBO

Murongo inatazamana na Kikagati ya Uganda, mto ukiwa katikati, na upande wa magharibi Kyerwa inapakana na Rwanda. Minara haijui mpaka. Simu ikikosa mnara wa nyumbani wenye nguvu, hujishikiza kwenye wa jirani, na mwenye simu huona jina la mtandao wa kigeni kwenye kioo. Kuanzia hapo anapiga kama msafiri wa nje, na salio huisha kwa kasi asiyoielewa.

Hili lina dawa kwenye simu ya vitufe: kuingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao, na kuacha uchaguzi wa simu yenyewe ili kuchagua mtandao wa nyumbani kwa mkono. Akirudi Kayanga anaweza kurudisha kama ilivyokuwa. Kampuni ya Celtel, ambayo baadaye ikawa Zain na kisha Airtel, iliondoa gharama za namna hii kati ya Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2006 kwa huduma yake ya One Network. Serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanza utaratibu wao wa kushusha gharama hizo mwaka 2014, Tanzania haikuwamo. Masharti hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo mwenye biashara ya pande mbili huuliza bei kabla ya msimu.

CHOMBO CHENYEWE

Simu ya kukunja ilikuwa fahari ya wakubwa. Motorola StarTAC ilitoka mwaka 1996 kwa bei ya kutisha, na RAZR ikafuata 2004. Wakati huo huo Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi na vitufe visivyopitisha vumbi, ndiyo iliyoingia vijijini, ikauzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Leo mambo yamechanganyika: Nokia 2660 Flip ya mwaka 2022 na wenzake wa bei nafuu zaidi wameichukua ile kukunja ya kitajiri na kuitia katika simu ya kawaida.

Kwa mnunuzi wa mazao mfuniko una kazi. Huzuia vumbi la maganda na matone ya mvua kwenye vitufe. Huzuia simu kujipigia yenyewe mfukoni, hasara ambayo mwenye kitochi cha wazi anaijua. Kufunga kwa kishindo hukata simu, na hakuna shaka kama imekatika au la, jambo lenye maana mtu anapogeuka kumwambia mwenzake bei halisi.

Ubovu wake nao uko hapo hapo. Nyaya zinazopeleka umeme kwenye kioo hupita katika utepe mwembamba ndani ya bawaba, na utepe huo hujikunja kila simu inapofunguliwa. Ukichoka, kioo huanza kuwaka na kuzima, kisha huwa cheupe. Anayefungua kwa kidole gumba kwa kurusha, kwa mbwembwe, hufupisha maisha yake. Fundi anaweza kubadilisha utepe iwapo aina hiyo ya simu ina vipuri. Simu ngeni isiyo na mwenzake mjini Kayanga ikiharibika bawaba basi imekwisha. Kitochi cha kawaida hakina tatizo hili, na kwa mtu asiyeitunza simu hicho ndicho kinachofaa.

Betri ya kuchomoa ni sifa ya kutafuta. Ya pili hukaa mfukoni ikiwa imejaa, na safari ya siku nne katika vijiji vyenye umeme wa mashaka haina wasiwasi. Kabla ya kulipa, mnunuzi abonyeze *#06# na kuona namba ya tarakimu 15 ya simu, kisha ailinganishe na iliyo chini ya betri na kwenye boksi. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchini, na waliokuwa wamenunua bila kuuliza walibaki na vifaa visivyopiga.

LAINI NI YA NANI

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa ulianza mwaka 2019 na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Wakati huo wengi ambao hawakuwa wamepata namba ya NIDA walisajiliwa kwa vidole vya ndugu, jirani, au kijana wa dukani. Simu iliendelea kupiga na jambo likasahaulika.

Sasa laini hiyo ina fedha za maharage. Kwa kampuni ya simu, mwenye laini ni mwenye vidole. Yeye ndiye awezaye kwenda dukani kudai kuwa laini imepotea, akapewa nyingine yenye namba ile ile. Simu ya mfanyabiashara itapoteza mtandao akiwa njiani, atadhani ni minara ya Kyerwa kama kawaida, na hadi afike mjini akiba haipo. Hata pasipo wizi, mwenye vidole akifariki, fedha zilizomo huhesabiwa katika mirathi yake, na warithi hudai kwa msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Mfanyabiashara atakuwa mgeni mbele ya mali yake mwenyewe. Kwa kubonyeza *106# mtu huona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ikiwa namba anayofanyia biashara haimo, hiyo ni kazi ya wiki hii, kabla mizani haijatoka ghalani.

Matapeli nao wanaipenda simu ya kazi. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unachekwa mijini, lakini katika biashara ya mazao ni wa hatari kwa sababu mnunuzi kweli anadaiwa fedha na watu watano, na ujumbe unaweza kuingia saa ile ile. Dawa ni kumpigia muuzaji kwa namba ya zamani. Wengine hutuma ujumbe wa kughushi wenye neno "Imethibitishwa", kiasi na namba ya muamala, ili mzigo upakiwe. Ujumbe halisi hutoka kwa jina la huduma, si kwa namba ya mtu, na salio hupanda. Muuzaji wa ndizi anayeruhusu lori liondoke kwa kusoma ujumbe bila kuangalia salio ameuza kwa mkopo bila kujua. Namba ya utapeli hutumwa TCRA kwa 15040.

Tatizo lingine ni la heshima na hali ya nyumbani. Mzee asiyeona vizuri herufi za kioo kidogo humpa wakala simu pamoja na namba ya siri. Wengi wa mawakala ni waaminifu, lakini mtu wa tatu aliyesimama kwenye foleni amesikia pia. Afadhali mzee abonyeze tarakimu nne mwenyewe, wakala akimsaidia hadi hapo tu. Vitufe vikubwa vya simu ya kukunja vinamwezesha, na hii ni sababu mojawapo ya vijana walioko Mwanza na Dar es Salaam kuwanunulia wazazi wao simu hizo badala ya simu za kupangusa.

Yapo ambayo simu ndogo haiwezi. Matokeo ya minada ya kahawa siku hizi huzunguka kwanza katika makundi ya WhatsApp, na mnunuzi wa Mwanza hutaka picha ya maharage kabla ya kutuma lori. Mfanyabiashara aliyekataa kabisa simu janja hupata habari hizo baada ya saa kadhaa kwa mdomo wa mwingine, na mwingine huyo aghalabu ni mshindani wake.

Utaratibu unaoonekana kuwafaa wengi ni wa kugawa. Laini ya mtaji hukaa katika simu ya kukunja, haitolewi namba yake kwa kila mtu, na haipigiwi vocha za mchezo. Laini ya maongezi, ambayo namba yake imeandikwa kwenye magunia na milango ya maduka, hukaa katika simu nyingine na haiwekewi zaidi ya fedha za siku hiyo. Kijana anayebaki kwenye mizani hupewa simu yake na laini iliyosajiliwa kwa vidole vyake mwenyewe, akatumiwa fedha za ununuzi asubuhi kwa kiasi cha magunia yanayotarajiwa, na jioni meseji za miamala zikalinganishwa na daftari la kilo.